SAS sio autopailoti: nani ameshika nini kwenye fimbo ya helikopta

Abiria akikaa siti ya mbele kwenye helikopta kubwa kidogo, haichukui muda atauliza tu: kapteni, mbona fimbo inacheza yenyewe na we mikono iko mapajani? Alafu siku nyingine mwingine, kwenye helikopta ileile, anauliza kinyume chake kabisa, mbona mnasema humu kuna autopailoti na bado umeing'ang'ania fimbo ivo? Wote wana haki ya kushangaa, maana ndani ya ile mashine kuna mifumo kadhaa imekaa juu ya mwenzake na watu wote (hata marubani wengine jamani) wanaiita kwa jina moja, autopailoti. Kuna unaotuliza mtikisiko (huo ndo SAS), kuna unaoshika mkao, kuna unaoendesha safari. Na katikati kuna kidude ambacho hakuna anayekitaja kwenye stori za vijiweni, trimu, na mi nasema ukiielewa trimu umemaliza karibu kila kitu.

Tuanze na helikopta yenyewe ilivyo mbishi. Ndege ya mabawa ukiiweka sawa ukaachia mikono, upepo ukainua pua kidogo, ule mkia wa nyuma unairudisha chini bila mtu kufanya chochote. Helikopta ikiwa hova, yaani imesimama hewani, haina huo ustaarabu. Chukulia kaupepo kameisukuma ikaanza kuteleza kwenda mbele. Ule mwendo mpya unafanya rota, yaani yale mapanga yanayozunguka juu, ilale kwa nyuma, rota iliyolala nyuma inainua pua na kuivuta mashine irudi, hapo mtu anaweza kudhani imejirekebisha, kumbe ikifika pale ilipoanzia haisimami, inapitiliza, inateleza kwenda nyuma zaidi ya ilivyoteleza mbele, inarudi tena kwa kasi zaidi, na kila mzunguko ni mkubwa kuliko uliopita. Asipoingilia mtu, mizunguko michache tu inatosha kuilaza ubavu.

Na hapo bado hatujagusa kuchelewa. Ukisukuma fimbo rota inainama papo hapo, ila mwili wa helikopta unaoning'inia chini yake unafuata baadae kidogo. Mwanafunzi anasukuma, haoni kitu, anaongeza, alafu zile mbili zinamfikia kwa pamoja, anashtuka anavuta, nayo inachelewa, anavuta zaidi. Sasa yeye mwenyewe ndo anaibembeza. Mwalimu pembeni anasema tulia, punguza, vidole viwili tu. Juu ya hapo kila kidhibiti kina ugomvi na mwenzake, ukivuta kolektivu (ile fimbo ya mkono wa kushoto ya kupanda na kushuka) ili upande unaongeza nguvu ya injini na pua inataka kuzunguka, unakanyaga pedali, pedali inabadilisha msukumo wa rota ya mkia, mashine inateleza pembeni, unarekebisha na fimbo, ukirekebisha na fimbo unapoteza kimo kidogo, unavuta kolektivu, umerudi mwanzo. Mkono wa rubani kwenye hova haupumziki hata sekunde.

Watu walishaliona hili tatizo kabla ya kompyuta. Arthur Young, yule Mmarekani aliyebuni Bell 47, helikopta iliyopata cheti cha kiraia Marekani mwaka 1946, aliweka chuma kirefu chenye uzito kwenye ncha zake mbili, kinazunguka pamoja na rota lakini kimekaa msalaba na mapanga. Kitu kinachozunguka hakipendi kubadilisha mlalo wake, kwaiyo mwili wa helikopta ukiinama ghafla kile chuma kinabaki kwenye mlalo wake wa zamani kwa muda, na kwakuwa kimeunganishwa na pembe za mapanga kinairudisha rota taratibu. Hakuna umeme wala sensa. Ukitazama picha za Huey, zile helikopta za jeshi la Marekani za wakati wa vita vya Vietnam, utakiona juu ya rota. Mi huwa nakitazama kwa heshima sana, maana SAS ya leo inafanya kazi ileile, imebadilisha tu vifaa.

Haya, SAS sasa. Ni mfumo wa kuongeza utulivu. Kuna jairo zinazopima kasi ya kuzunguka kwenye mihimili mitatu: pua juu-chini, kulala kushoto-kulia, na pua kugeuka pembeni. Zamani zilikuwa jairo za kuzunguka kweli, siku hizi ni za mwanga au vile vichipu vidogo. Neno la kushika hapo ni kasi. SAS ya msingi haijui pua iko wapi, inajua tu inasogea kwa haraka kiasi gani, na ikisogea inapinga ule msogeo. Ni kama shokapu za gari: hazikuambii uende wapi na wala haziweki gari barabarani, zinaua tu ule mdundo usiendelee. Ndo maana helikopta yenye SAS tupu ukiiinamisha digrii kumi kulia ukaachia, haina mpango wa kurudi. Imeona umezunguka, ikapunguza ukali wa kuzunguka, kazi yake imeisha, kule ulikoinamia ni juu yako.

Namna inavyogusa mapanga nayo inafurahisha. Kati ya fimbo yako na rota kuna vyuma vya kusukumana. Akchueta ya SAS inakaa katikati ya njia hiyo, ni kipande cha chuma kinachoweza kurefuka na kufupika chenyewe mara nyingi kwa sekunde. Kikirefuka rota inainama kidogo lakini fimbo mkononi mwako haijasogea hata kidogo. Kwaiyo kuna mtu wa pili anarusha helikopta na wewe humsikii. We unahisi tu siku hiyo mashine ni tulivu, unajisifu mikono imekomaa, subiri mwalimu azime swichi!

Ila huyo mtu wa pili kafungwa kamba fupi. Kwa kawaida anapewa kama asilimia 10 hivi ya mwendo mzima wa vidhibiti. Sababu yake ni uoga wenye akili. Waya ukikatika au kompyuta ikichanganyikiwa, akchueta inaweza kukimbia hadi mwisho wake na kukwama pale. Kama ingekuwa na mamlaka yote, helikopta ingepinduka kabla hujajua kuna nini. Ikiwa na asilimia 10 unashtuka, mashine inaruka upande mmoja, unaipinga kwa fimbo, unatafuta swichi unazima. Kwenye Black Hawk, helikopta ya jeshi la Marekani, wamegawa hata hiyo kumi, SAS 1 ina asilimia 5 na SAS 2 ina asilimia 5, ili moja ikichizi nyingine iwe inampinga mwenzake na rubani awe na kazi ndogo zaidi ya kufanya.

Alafu kuna mgogoro mwingine wa wazi ambao mtu hauwazi mpaka auone. Kama SAS inapinga kila kuzunguka, itajuaje kwamba huu mzunguko nimeutaka mimi na sio upepo? SAS za kizamani hazikujua, ukitaka kugeuka inakupinga, mashine inakuwa nzito kama imelewa. Baadae wakaweka sensa kwenye fimbo pia, kompyuta inaona rubani kasukuma kulia, inasema sawa huo mzunguko ni halali, na badala ya kuupinga inausaidia uanze haraka. Ukitoka kwenye mashine ya aina ya kwanza ukaingia ya aina ya pili unahisi umeshuka umri.

Sasa twende kwenye trimu, hapa ndo ningependa ukae kidogo.

Fimbo ya helikopta nyingi ndogo ukiiachia inaanguka tu popote. Kwenye zenye mfumo mkubwa fimbo imefungwa na springi, na springi imeshikiliwa na breki ya sumaku. Unaiweka fimbo unapotaka, breki inakamata, ukiisukuma kutoka hapo springi inakupinga, ukiachia inarudi palepale. Juu ya fimbo, chini ya kidole gumba au cha shahada kutegemea na mashine, kuna kitufe cha kuachia trimu. Ukikibonyeza breki inafunguka, fimbo inakuwa laini, unaihamisha, unaachia kitufe, hapo ndo nyumbani kupya. Pia kuna kakofia kadogo ka kusukuma pande nne kwa kidole gumba, unakigonga tik tik, na mota inahamisha hiyo nyumbani kidogokidogo. Mota hiyo ya trimu ni tofauti na ile akchueta ya SAS: inasogeza fimbo yenyewe, ndo unaiona inacheza, na inaweza kuipeleka fimbo mwanzo hadi mwisho lakini polepole. Kwenye Black Hawk tena, trimu ina asilimia 100 ya mwendo ila haitakiwi kuzidi asilimia 10 kwa sekunde, ili ikichizi uwe na muda wa kuishika.

Ukiunganisha hayo mawili unapata kushika mkao. Kompyuta sasa haina kasi ya kuzunguka peke yake, ina na mkao wenyewe, pua digrii ngapi, imelala digrii ngapi. Mkao uliokuwepo pale ulipoachia kitufe cha trimu ndo mkao inaoutunza. Upepo ukiinamisha, akchueta ya haraka inajibu papo hapo, na kama tatizo linaendelea kuelekea upande mmoja mota ya polepole inasogeza fimbo ili akchueta irudi katikati yake. Hii ni muhimu kuliko inavyosikika. Akchueta fupi ikisukumwa mpaka ukingoni mwake, mfano umetoka hova mpaka kasi ya safari bila kutrimu chochote, inakuwa imejaa, upande ule haina tena cha kutoa, na wewe huoni tofauti yoyote mpaka upepo uje kutoka upande huohuo. Ndo maana kuna vimishale kwenye skrini vinavyoonesha kila akchueta iko wapi, na rubani mzuri anavipitia macho kila mara.

Kwaiyo kuna namna mbili za kugusa fimbo na zina maana tofauti kabisa kwa kompyuta. Ukisukuma bila kubonyeza kitufe, unamwambia nipishe kidogo, nakwepa ndege mnyama hapa, nikiachia rudi palepale. Ukibonyeza kitufe kwanza, unamwambia sahau ya zamani, hapa ndo mkao mpya. Na ukikishikilia muda wote, kama wanavyopenda wengi wakati wa kutua, umejirudisha kwenye SAS tupu, hakuna kinachoshika mkao. Sio vibaya, ila ujue ndo ulichofanya, hasa kama ni usiku na nje hakuna kitu cha kutazama.

Kutoelewana hapo kunaua. Tarehe 29 Aprili 2020 helikopta ya Kanada ya CH-148 Cyclone ilikuwa inarudi kwenye meli yake ya kivita kwenye bahari ya Ionia, ikaanguka majini, watu wote 6 wakafa. Uchunguzi ulieleza kwamba rubani aliipindisha kwa mkono kwa nguvu huku modi za autopailoti ziko wazi zinafanya kazi, bila kuachia trimu. Ile mashine inaendeshwa kwa umeme, hakuna vyuma kutoka kwenye fimbo, na kompyuta ikawa inalimbikiza tofauti kati ya alichoamuru rubani na ilichokuwa inataka yenyewe. Alipotaka kuinua pua haikujibu kama alivyozoea, na hakukuwa na kitu cha kumwambia kwamba hali hiyo imejengeka. Mi nikisoma ripoti kama hiyo siendi kutafuta nani mzembe, naangalia kwamba watu wawili walikuwa wanarusha kitu kimoja na mmoja hakujua mwenzake yuko wapi.

Juu ya kushika mkao ndo zinakuja modi zenyewe, zile ambazo mtu wa kawaida angeziita autopailoti: shika kimo, shika uelekeo, shika kasi, fuata njia ya GPS, shuka kwenye njia ya kutua kwa ala (yaani kwa kutazama vipimo vya ndani, sio nje). Hizi hazigusi rota moja kwa moja, zinaamuru tu mkao mpya, na ngazi ya chini inautekeleza. Modi ya uelekeo ikitaka kugeuka kulia inaomba kulala kulia, basi. Modi nyingi nitazipita haraka kwasababu zinafanya jina lilivyo.

Ambayo siwezi kuipita ni mihimili mitatu na mihimili minne. Mfumo wa mihimili mitatu una pua, kulala na kugeuka. Wa minne unaongeza kolektivu. Fikiria sasa unataka kushika kimo na kasi kwa pamoja. Kwenye mihimili minne haina shida, kolektivu inashika kimo na pua inashika kasi. Kwenye mitatu pua ni moja, haiwezi kutumikia mabwana wawili, kwaiyo ukimpa kimo, au kasi ya kushuka, basi kasi ya kwenda mbele ni yako wewe na mkono wako wa kushoto kwenye kolektivu.

Na hapo pana mtego. Helikopta ina kasi fulani ambayo inahitaji nguvu kidogo kuliko zote, nyingi ni kama noti 60 mpaka 80, yaani karibu kilomita 110 hadi 150 kwa saa. Juu ya hapo, ukishuka kuliko ulivyotaka, pua ikiinuka kidogo unapata kimo. Chini ya hapo mambo yamegeuka, pua ikiinuka kasi inapungua, kasi ikipungua helikopta inataka nguvu zaidi, nguvu haipo kwasababu kolektivu haijaguswa, inashuka zaidi, kompyuta inaona inashuka inainua pua tena. Haina nia mbaya, inafanya ulichoiambia, mpaka mwisho.

Tarehe 23 Agosti 2013 Super Puma AS332 L2 yenye watu 18, inatoka kwenye mtambo wa mafuta baharini, ilikuwa inakaribia uwanja wa Sumburgh kwenye visiwa vya Shetland, Scotland. Mawingu ya chini. Autopailoti ilikuwa kwenye mihimili mitatu ikishika kasi ya kushuka, na kasi ya kwenda mbele ilikuwa mikononi mwa marubani. Kasi ikapungua, pua ikapanda, ikaendelea kupungua, na waliokuwa mbele hawakuiona kwa wakati. Ilipogundulika kimo hakikutosha. Watu 4 walikufa. Wachunguzi wa Uingereza walisema ala hazikufuatiliwa ipasavyo kwenye sehemu ya mwisho ya ule ukaribiaji. Mfumo wa mihimili minne ulikuwemo ndani ya ile ile helikopta, kinachonikaa kichwani ni hicho.

Kwaiyo mi nikibonyeza modi yoyote natamka kwa sauti nini kimeshika nini: pua ina kimo, mimi nina kasi. Mwenzangu anarudia. Inasikika kama watoto wanahesabu, sijali. Na sitazami kitufe nilichobonyeza, natazama maandishi yaliyotokea juu ya skrini, maana kitufe kinakuambia ulichotaka na skrini inakuambia ulichopata. Modi inaweza kukataa kuwaka kwasababu kasi ni ndogo, au ikajizima na kukuachia mlio mmoja tu kwenye hedifoni wakati unaongea na mnara.

Upande wake mzuri ni mkubwa, msinielewe vibaya. Rubani wa kuona kwa macho akiingia wingu bila kutarajia, sikio la ndani linaanza kumdanganya ndani ya sekunde chache, anahisi amenyooka kumbe amelala. Hapo mashine inayoshika mkao ni uhai. Achia fimbo, irudi kwenye mkao wake wa mwisho, alafu kwenye helikopta zenye mihimili minne kuna kitufe cha kughairi kutua, ukikibonyeza inanyoosha mlalo na kupanda kwa kasi salama. Kugumu kwa kweli ni kuuamini mkono wa kompyuta wakati kichwa chote kinapiga kelele uvute fimbo. Na kwenye uokoaji baharini kuna modi zinazoishusha helikopta usiku, kutoka mwendo wa safari mpaka hova juu ya maji, rubani ameshika tu tayari kuingilia, na mtu wa winchi mlangoni anapewa kajoistiki kadogo ka kuisogeza mita chache yeye mwenyewe kwasababu yeye ndo anayemuona aliyeko majini.

Kwenye mazoezi tunazizima moja moja. Ukizima kushika mkao mashine inakuwa ya uvivu, inateleza kwenda popote ila taratibu. Ukizima na SAS, hapo ndo inarudi ule ubishi wa mwanzo, pua inapekua kushoto kulia, na rubani aliyezoea raha anaanza kuibembeza mwenyewe kwa kusahihisha kupita kiasi. Dawa ni kupunguza kasi mpaka ile inayoruhusiwa kwenye kitabu, kutuliza mkono, na kutoingia wingu, maana helikopta nyingi haziruhusiwi kuruka kwa ala bila huo mfumo, na hata ukiwepo kuna kasi ya chini kabisa ambayo hutakiwi kuivuka ukiwa ndani ya wingu.

Helikopta ndogo za pistoni kama R44 zilikaa miaka mingi bila chochote cha haya, mkono wako tu. Siku hizi zinawekewa HeliSAS, ina uzito wa chini ya kilo 7 hivi, inashika pua na kulala. Hiyo inasogeza fimbo yenyewe badala ya kujificha katikati ya vyuma, kwaiyo unaihisi mkononi kila inachofanya, na ukitaka kuipinga unaisukuma tu kama kuna mwalimu mpole ameshika na wewe. Kwa mwanafunzi naona hiyo ni bora kuliko zile zinazofanya kazi kimyakimya. Ila haina mhimili wa kugeuka, kwaiyo miguu isilale, pedali bado ni zako.